Nani Kajaza Wingu?

Mhadhara uliotolewa mbele ya wazazi na walimu katika ukumbi wa skuli, Wete, Pemba

Assalamu alaykum wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojipanga dirishani. Viti vipo huku mbele, njooni, sikagui simu ya mtu bila idhini yake.

Sisi Wapemba neno "wingu" halitupi raha. Karafuu zikishaanikwa, mtu mzima hukaa uwanjani akitazama juu kama anayemhofia mdai wake. Kiwingu kikichungulia tu, nyumba nzima inaitwa kukunja majamvi. Leo tunaambiwa picha zetu na mazungumzo yetu yote yamo kwenye wingu, na ati tulale usingizi. Basi tuanzie hapo. Wingu hili haliko juu. Ni majumba ng'ambo huko, yamejaa makompyuta yanayowaka usiku na mchana, na njia yetu ya kuyafikia inapita chini ya bahari. Mnakumbuka Mei 2024, intaneti ilivyozorota siku kadhaa? Nyaya za EASSy na Seacom zilikuwa zimekatika baharini. Picha zenu zilikuwepo pale pale zilipo, ila njia ndiyo iliyokatika.

Sasa inueni mikono: nani kaletewa ujumbe kwamba hifadhi yake imejaa? Naam. Ukumbi mzima, pamoja na mwalimu mkuu.

Na mlifanya nini? Nasikia "nilifuta meseji". Nasikia "nilifuta namba". Hapo hapo ndipo ninapotaka tukae.

Kuna mama mmoja, yumo humu ndani na kanikataza nisimtaje, alinijia na simu inayomlilia kila asubuhi. Alikwisha kufuta majina ya watu mia na ushee. Kafuta hata la mtoto wa shemegi yake aliyeko Maskati, kisha akashangaa kwa nini nafasi haikurudi. Nikamwambia, Bi mkubwa, majina elfu moja, bila picha zao, hayajazi hata MB moja. Maandishi hayana uzito. MB moja inabeba herufi kama milioni moja. Mtu angeandika mpaka vidole vichoke. Zile sauti mnazotumiana, ambazo watu wengi huzionea na kuzifuta mwanzo, dakika moja yake haifiki hata MB moja. Umemfuta ndugu yako wa Maskati ukabakisha tembo kitandani.

Tembo ni video.

Nitawapa hesabu za Apple wenyewe. iPhone ikirekodi video kwa kiwango cha 1080p cha kawaida, dakika moja ni kama MB 60. Ukipandisha ikawa 4K ya fremu 60 kwa sekunde, dakika moja ni kama MB 400. Na hifadhi ya bure ya iCloud, ndilo wingu la Apple, ni GB 5, yaani MB elfu tano, tangu ilipoanza mwaka 2011 mpaka leo haijaongezwa hata punje. Kwa hiyo dakika kumi na mbili na nusu za msewe kwa ile 4K, umemaliza pishi yako yote, na ngoma yenyewe haijachanganya. Kijana, nenda kwenye mipangilio ya kamera uteremshe. Kioo cha simu ya bibi yako hakitaona tofauti.

Nirudi kwenye simu ya yule mama, kwa sababu ni ya Android kama za wengi wetu. Google wanatoa GB 15 bure, lakini mtungi ni mmoja na wachotaji ni wengi: barua za Gmail, mafaili ya Drive, picha za Google Photos, na bekapu. (Wanaopenda Kiswahili cha vitabuni waiite nakala rudufu, mimi nitasema bekapu tufike kabla ya Magharibi.) Tulipofungua, mtungi wake ulikuwa hivi: Gmail GB 0.4, picha GB 5.9, vijifaili vingine na bekapu ya simu yenyewe GB 0.5. Na WhatsApp peke yake GB 8.2.

Akaniambia, "Mwanangu, mimi WhatsApp natumia miaka yote hii, mbona zamani haikujaa?" Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wasomi. Haikujaa kwa sababu zamani haikuhesabiwa. Kwa miaka kadhaa bekapu ya WhatsApp kwenye Android ilikaa kwa Google bila kuingizwa kwenye zile GB 15. Mwishoni mwa 2023 wakatangaza kwamba basi, na mwaka 2024 ikaanza kuhesabiwa simu baada ya simu. Kabla ya hapo picha nazo zilifanyiwa hivyo hivyo: zilikuwa zinapokewa bure bila kikomo alimradi ukubali zipunguzwe ubora, mpaka tarehe 1 Juni 2021. Yaani mzigo ni ule ule, kilichobadilika ni mizani. Wala hakuna aliyekuroga.

Wenye iPhone msicheke. WhatsApp yenu inakwenda iCloud, na kule imehesabiwa tangu mwanzo, tena kwenye GB 5.

Tukaingia ndani ya WhatsApp yake: mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, kisha kusimamia hifadhi. Pale wamekupangia vizuri sana, na nasikitika watu hawapafiki. Kuna fungu la vilivyozidi MB 5, na kuna fungu la vilivyosambazwa mara nyingi. Kwa yule mama hilo la pili lilikuwa ghala. Mawaidha ya dakika saba, yale yale, yamo mara tatu: limeleta kundi la ukoo, limeleta kundi la wazazi wa madrasa, limeleta kundi la upatu, na kila aliyeleta aliyapakia upya. Mawaridi yanayofunguka yakisema asubuhi njema, sikuyahesabu. Na bekapu haichagui. Saa nane za usiku inazoa kila kitu, mawaridi na yote, inapeleka ng'ambo.

Kuchambua nyinyi hamfundishwi. Mnakaa barazani na kikapu, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku, mikono inakwenda yenyewe huku mdomo unapiga soga. Fanyeni vivyo hivyo. Na afadhali makonyo yana mnunuzi, yanakamuliwa mafuta. Waridi la asubuhi njema sijaona anayelinunua.

Lakini nisiwadanganye kwamba ni makundi tu. Katika zile GB 5.9 za picha tulikuta jambo lililonichekesha, kisha likanikera. Mjukuu wake alisoma kwenye maulidi, naye akamrekodi kwa kamera ya simu. Video ile ikapanda Google Photos, hiyo moja. Akaituma kwenye kundi la ukoo. WhatsApp ya Android inapotuma hujiwekea nakala yake kwenye foleda ya vilivyotumwa, nakala ile ikaingia kwenye bekapu ya WhatsApp, hiyo mbili. Shangazi naye alikuwa amerekodi, akamtumia. Hiyo ikakaa ndani ya WhatsApp, na kwa kuwa aliwahi kuiruhusu Google Photos ihifadhi na foleda la video za WhatsApp, ikapanda tena upande wa pili. Mtoto mmoja, kisomo kimoja, mara nne kwenye mtungi mmoja. Mtoto kasoma vizuri, mashaallah, lakini mara nne!

Basi tukafanya mawili. Kwenye Google Photos, sehemu ya kuchagua mafoleda, tukalizima foleda la WhatsApp. Hilo huzuia mapya tu. Yaliyokwisha kupanda tuliyaondoa kwa mkono. Na kwenye WhatsApp, mipangilio, mazungumzo, bekapu, pana swichi ya kujumuisha video. Tukaizima. Bekapu iliyofuata ikaja nyepesi ikachukua nafasi ya ile nzito. Mjue tu gharama yake: simu ikiibiwa leo, maneno na picha zitarudi, video zilizokaa WhatsApp peke yake hazirudi. Unayoipenda itoe kwanza.

Wenye iPhone, kwenu mambo yamejificha zaidi. Mtu anafungua hifadhi ya iCloud anaona mstari umeandikwa bekapu, GB 3, hajui ndani mna nini. Gusa huo mstari, gusa jina la simu, itakufungulia programu moja moja na uzito wake. Unaizima usiyoitaka. Kama umewasha picha za iCloud, picha hazimo tena ndani ya bekapu, zinahesabiwa mstari wao. Kama hukuwasha, basi picha zako zote zimefungwa ndani ya ile bekapu kama mzigo wa gunia, na ukifuta picha leo hutaona nafuu mpaka bekapu nyingine ipite. Na tazameni majina ya simu pale. Rafiki yangu mmoja alikuta simu aliyokwisha kuiuza bado ina bekapu yake imekaa, inakula nusu ya nafasi.

Sasa nifike kwenye msiba wangu mwenyewe, maana ndio ulionifanya nijifunze haya.

Bekapu na kusawazisha ni vitu viwili. Bekapu ni nakala iliyowekwa pembeni. Kusawazisha ni kioo: ukijikuna huku, kule nako anajikuna. Google Photos ni kioo. Picha za iCloud ni kioo. Mwanzoni mwa Rajabu simu yangu ilikuwa haina nafasi, nikasema, si picha zote ziko kwenye wingu? Nikachagua picha za harusi ya dada yangu Micheweni, zote, nikazifuta. Nilikuwa na raha, simu imekuwa nyepesi. Mfunguo Mosi, tumekaa siku ya Iddi, dada anasema hebu tuzione. Nikafungua wingu. Hamna. Google huweka kwenye pipa la taka siku 60 kile kilichokwisha kupandishwa, kisha kinaondoka moja kwa moja. Shaabani na Ramadhani peke yake zinakaribia 60. Nilizokuta ni zile alizokuwa nazo mpiga debe wa ukoo wetu kwenye WhatsApp, zimebanwa mpaka bi harusi hana macho.

Nilichotakiwa kukigusa ni kile kitufe cha kuachia nafasi kwenye simu. Hicho kinaondoa ya simuni na kubakisha ya kule. Alama ya pipa inaondoa pote pawili. Zimekaa karibu karibu, na mimi bado nina kinyongo na aliyezipanga.

Pipa lenyewe pia hula nafasi. Mtu anafuta GB 4, anarudi, mtungi bado umejaa, anasema Google waongo. Nenda kalimwage pipa. La Gmail na la Drive hujimwaga baada ya siku 30, la picha za iPhone nalo siku 30, lakini ukiwa na haraka limwage mwenyewe. Na haraka ipo, kwa sababu mtungi wa Google ukijaa kabisa, barua za Gmail haziingii. Kijana anasubiri majibu ya kazi, barua imerudishwa mlangoni, na kilichoziba mlango ni mawaridi.

Maswali. Naam, mwalimu. "Kwa nini tusinunue tu?" Nunua, si haramu. Google wana fungu la GB 100, Apple wana la GB 50. Mtu anayepiga picha za harusi kwa kazi yake nitamwambia anunue leo. Lakini chambua kwanza, usije ukalipia makonyo kila mwezi kwa bei ya karafuu.

Nyuma kule, mzee wangu, simama tukusikie. "Simu yangu ilitumbukia gatini. Vitu vyangu viko bado?" Pole sana mzee. Ilikuwa aina gani? Android. Lini? Wiki tatu. Basi bado una siku. Android isipotumika siku 57, Google wanaweza kuifuta bekapu ya simu ile; picha ndizo hubaki. Ya iPhone ingekaa siku 180. Usingoje msimu ukufikie. Rudisha laini yako ile ile kwa alama za vidole, maana WhatsApp inakujua kwa namba. Tafuta simu nyingine, ingia kwa Gmail ile ile, halafu ndipo uiweke WhatsApp na ukubali kurejesha itakapokuuliza. Ukipita hapo hapo bila kukubali, utasumbuka. Na kama uliwahi kuifunga bekapu ya WhatsApp kwa neno la siri, hilo nalo ulikumbuke, hata wao wenyewe hawawezi kukufungulia.

Gmail yako ni ipi, mzee?

"Aaa, hiyo alinifungulia kijana wa dukani niliponunua simu. Sijui hata jina lake la hiyo Gmail."

Jamani msicheke, nusu ya ukumbi huu mko hivyo hivyo. Duka gani, mzee? La karibu na stendi? Huyo kijana bado yupo? Basi kesho asubuhi mimi na wewe tunakwenda kumtafuta.