Nambari Iliyo Ndani ya Jina la Maktaba

Ndugu wasikilizaji, jina la faili la maktaba ya pamoja, yaani msimbo uliokwisha kujengwa ambao programu nyingi huutumia, hufanya kazi mbili: huiwezesha programu kuipata maktaba, na hutangaza kama maktaba hiyo bado inapatana na programu zilizojengwa nayo zamani. Nitashughulika na kazi ya pili, kwa kuwa ndiyo inayovurugwa.

Tuitazame zlib, maktaba ya kubana data. Katika Linux faili lenyewe laweza kuitwa libz.so.1.2.13, lakini ndani yake limeandikwa jina fupi, libz.so.1, ambalo kiunganishi (linker) hulinakili ndani ya programu inapojengwa na kipakiaji (loader) hulitafuta kila programu inapoanzishwa. Katika macOS nambari hutangulia kiambishi cha mwisho, libz.1.dylib, katika Windows, zlib1.dll. Majina ni matatu, ila ile 1 ni ileile.

Nambari hiyo si ya toleo. Maktaba ya curl, chombo cha kuhamisha data mtandaoni, imebaki libcurl.so.4 tangu 2006, ingawa mwaka 2023 curl yenyewe iliingia toleo la 8, kwa sababu mapatano yake na programu za zamani hayakuvunjwa. Kuipandisha nambari ili bidhaa ionekane mpya ni shughuli ya watu wa matangazo, na inawalazimu wengine kujenga upya programu zao bila sababu.

Mkanganyiko huzidi mradi unapokuwa na mifumo miwili ya ujenzi, tuseme Libtool na CMake, zana zinazosimamia kugeuza msimbo kuwa maktaba. Ukiipa Libtool tarakimu 5:2:3, itatoa ya tatu katika ya kwanza na kukuundia libmfano.so.2.3.2 katika Linux na libmfano-2.dll katika Windows. CMake haifanyi hesabu yoyote: huandika ulichoiambia, na ukijenga kwa MinGW, zana za kujengea programu za Windows, kwa kawaida hutoa libmfano.dll isiyo na nambari kabisa. Basi programu iliyojengwa kwa maktaba ya kwanza haitaanza mbele ya maktaba ya pili, ingawa msimbo ni mmoja, herufi kwa herufi. Tangu CMake 3.27 ipo sifa ya DLL_NAME_WITH_SOVERSION inayoirudisha nambari hiyo, lakini ni lazima uiwashe mwenyewe.

Kwa maoni yangu, kulazimisha majina yafanane kila mahali ni kupoteza muda. Kiambishi cha mwisho na herufi za mwanzo tuuachie kila mfumo wa uendeshaji, na hata Cygwin, mazingira ya kuendeshea programu za aina ya Unix ndani ya Windows, ina sababu ya kuanza na cyg badala ya lib, yaani kuepuka kugongana na faili za MinGW. Kinachopaswa kuwa kimoja ni nambari ya mapatano, iandikwe katika faili moja ambalo hati zote za ujenzi hulisoma. Kisha, kabla ya kutoa toleo, amri ya readelf -d katika Linux na otool -D katika macOS zisome jina lililomo ndani ya maktaba, na ujenzi usimame pale nambari isipolingana na ile ya faili hilo.