Chombo Kilichorudi Kitupu Hakiandikwi

Assalaam aleikum. Mwenyekiti, wazee wangu, wanafunzi.

Walionisikia kwenye mikutano mingine wanajua nitakalosema juu ya data za bahari yetu, na naona wengine wameshaanza kucheka. Chekeni. Nitalirudia mpaka lifanyiwe kazi.

Bwana diko, karani wa kuandika samaki wanaposhushwa pwani, simuelezi, hakuna asiyemjua hapa. Nendeni asubuhi diko lolote, Nungwi, Malindi, Wesha, mtamkuta karibu na mnada, daftari pajani. Anaandika chombo, mtego, wavuvi wangapi, samaki gani, kilo, bei. Penye safu ya eneo la kuvua anaandika "nje". Kila siku nje. Nje wapi? Mvuvi hamwambii mtu mwamba wake ulipo, na mimi simlaumu. Penye aina ya samaki, changu, tasi na pono wote wameshaitwa "mchanganyiko". Hayo bado yanatengenezeka. Linaloniumiza mimi ni jingine.

Ngalawa mbili zinarudi alfajiri. Ya kwanza imejaa changu. Inavutwa mchangani, samaki wanamwagwa, dalali ananadi, bwana diko anaandika. Ya pili imekesha na haikupata kitu. Nahodha wake ana sababu gani ya kupita mnadani? Anatia nanga huko huko majini, anakunja tanga, anakwenda zake kulala. Bwana diko hakumuona, na hata angemuona, daftari halina safu ya mtu aliyekosa. Mwisho wa mwezi zinapigwa hesabu: kilo kadhaa kwa kila chombo. Wastani mzuri! Miaka inakwenda, samaki wanapungua, zinazorudi tupu zinaongezeka, na wastani haushtuki, kwa sababu walioulizwa ni waliopata tu. Halafu mkubwa mmoja anasoma ripoti na kutoa leseni zaidi. Kwa nini asitoe? Karatasi imemwambia bahari ina neema.

Najua mtaniambia bwana diko ni mtu mmoja na vyombo ni vingi. Sikumtaka afukuzane na kila ngalawa. Jioni ahesabu zilizotoka, asubuhi ahesabu zilizopita mnadani, atoe. Hesabu ya darasa la pili hiyo. Achague siku za bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, na siku za maji mafu, yakijaa na kupwa kidogo, na kwa wa dagaa usiku wa giza, maana ukihesabu dagaa kwenye mbalamwezi utasema wamehama nchi.

Mwengine atasema, wavuvi waongo. Mnadani ataongopa vipi, bei inapigiwa kelele mbele ya kadamnasi? Anachokificha ni mwamba wake, na mwamba hatuuhitaji. Gawa bahari kwa miraba mikubwa, aseme alikuwa mraba gani, siri yake ibaki yake.

Sasa daftari likijaa linakwenda wapi? Linakwenda ofisini, inatolewa jumla, lenyewe linatiwa kabatini. Chumvi na mchwa wanamaliza kazi. Na jumla huwezi kuiuliza swali jipya. Matumbawe yetu yalipauka kwa joto mwaka 1998, yakapauka tena 2016. Leo mwanafunzi akitaka kujua ni samaki gani waliopotea kwanza baada ya hapo, na katika mitego ipi, jumla ya mwezi haitamjibu. Lingemjibu daftari.

Na nyinyi watafiti msifurahi kumcheka karani. Makala imetoka, cheo kimepanda, data iko kwenye laptopu, laptopu imekufa. Kijijini mlipopimia hakurudi mtu hata kusema ahsante. Mkienda tena mkawakuta hawasemi kitu, msiandike kwamba jamii haina muamko.

Huja pia yule wa "data ni mali ya nchi, tukiitoa watafaidi wageni". Huyu namuheshimu, lakini hebu anijibu. Kipimo cha maji kujaa na kupwa kilichopo bandarini hapa Unguja kina kumbukumbu tangu 1984. Zinahifadhiwa hata Chuo Kikuu cha Hawaii, na mtu yeyote duniani anazichukua bure. Tumeibiwa nini? Kinyume chake, tukizungumza juu ya kina cha bahari kupanda tunazungumza kwa namba ya hapa kwetu, hatubahatishi kwa namba ya kwengine. Na satelaiti inapima joto la bahari yetu kila siku bila kuomba kibali kwa sheha.

Isichokiona satelaiti ni yale maji yaliyobaki kati ya ufukwe na mwamba, pale Paje na Jambiani, maji yakipwa mchana wa jua kali. Kule juu inasoma eneo pana mno, hayo maji ya magotini yanaipotea. Na mwani umo humo humo! Tunalima mwani kibiashara tangu 1989, wakulima wengi ni kina mama, na kotonii, aina ya mwani wanaoulima, inakufa kwa joto mikononi mwao. Kipima joto kidogo kikifungwa kwenye kigingi kimoja, kikaachwa mwaka mzima, kitatwambia lisilojulikana mahali pengine popote. Ila jibu aanze kulipata mama mwenye kigingi, kabla halijafika kwenye mkutano wa posho.

Mwenyekiti ananionesha saa. Haya, nakimbia.

Yako maboya ya Argo yanayopima bahari yenyewe bila mtu, karibu 4,000 dunia nzima, yanazama mpaka mita 2,000 na kupanda kila siku 10 hivi, data yake wazi kwa wote ndani ya saa 24. Mazuri sana. Lakini mkondo wa hapa, kati ya Unguja na bara, kina chake ni makumi ya mita tu, boya halina pa kuzama. Hakuna atakayekuja kutupimia.

La mwisho: mtu ananiletea "joto 29". Saa ngapi? Kina gani? Maji yamejaa au yamepwa? Kwa chombo gani? Namba isiyo na hayo simpokei mtu.

Nilitakiwa niseme pia juu ya sera ya uchumi wa buluu. Sisemi, waliokuja kuisema wapo.

Karatasi inapita huko nyuma. Atakayeiandika aseme ana data gani, ya miaka ipi, na imo kwenye nini: daftari, diski, laptopu iliyokufa. Zilizokufa ziandikeni kwanza. Maswali sasa. Aanze yule bwana wa kofia, amenyoosha mkono tangu niliposema wavuvi hawaongopi.