Godoro la Julai linalipwa na korosho za Oktoba

Wazazi wenzangu wa Newala, nimelisema hili vijiji vingi na leo nalirudia, maana Julai, watoto wanapokwenda kuanza kidato cha tano, haiko mbali.

Ada imefutwa, ndiyo. Kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, kidato cha tano na cha sita tangu mwaka wa fedha 2022/23. Najua kuna baba atanyanyuka aseme, "Mwalimu, elimu si bure?" Mzee wangu, chukua fomu ya kujiunga uisome. Godoro, mashuka, ndoo, sare, viatu vyeusi, madaftari. Halafu nauli, na shule yenyewe iko Iringa.

Mwaka juzi mama mmoja alinigongea alfajiri. Fomu ameifunga kwenye pindo la kanga, imekunjwa hadi maandishi yamefifia. Ana mikorosho themanini. Fedha za mnada wa Novemba zimekwenda: deni la dukani, bati, ngoma ya mtoto mdogo Desemba. Sasa ni Julai, mikorosho ndiyo kwanza inachanua, na binti amebakiwa na wiki moja tu aripoti shuleni. Akaenda kwa mtu wa kangomba, mnunuzi wa korosho wa pembeni, nje ya chama. Huyo hana mizani, ana bakuli, na bakuli lile hujazwa mpaka lifanye kilima. Analipa leo, anachukua mzigo Oktoba. Mama akauza maua, yaani korosho ambazo bado hazijazaa.

Binti alisafiri. Niliwakuta stendi, godoro limefungwa kamba ya katani, mama kashika kona moja, haachii. Oktoba magunia yakatoka shambani kwake kwenda kwa mwingine. Januari mdogo wake akaanza kidato cha kwanza na shati la kuazima.

Msiniambie mama yule ni mzembe! Fedha yetu inaingia Oktoba hadi Desemba, shule inadai Januari na Julai. Nani kati yetu aliulizwa kalenda ya shule ilipopangwa?

Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kupeleka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, ilianza hapa Mtwara mwaka 2007. Makato tumeyazoea: ya chama, ya halmashauri, ya ghala. Naomba mkutano mkuu wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, uongeze moja, kwa anayetaka: shilingi 100 kwa kila kilo, ya mwanao. Kilo 600 ni shilingi 60,000. Hazimalizi fomu nzima, lakini hutakwenda kwa mwenye bakuli ukiwa mikono mitupu.

Mtasema viongozi watazila. Hofu hiyo naielewa, tumeumia. Ndiyo maana nasema ziingie benki, akaunti ya mzazi mwenyewe, katibu asiziguse, na zifunguliwe Januari na Julai tu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka pia kusema juu ya uji wa shuleni, na walimu wanaomrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa soksi. Hilo likome, basi. Sasa mniambie: mkutano mkuu wenu ni lini, na nani ataipeleka ajenda hii? Nataka mikono. Kina mama kwanza.