Kuusoma Moto Kabla ya Kulifungua Jiko: Mhadhara kwa Mafundi na Watumiaji wa Gesi, Mtwara

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, mama zangu na baba zangu mliofika, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kutafuta hitilafu katika kichomeo cha gesi cha nyumbani, na jambo hili linatuhusu watu wa Kusini kuliko wengine. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ile ya Mnazi Bay mwaka 1982, zote zikiwa katika mikoa yetu hii ya Lindi na Mtwara; leo baadhi ya nyumba za hapa zinapikia gesi inayoletwa na bomba, na nyumba nyingi zaidi zinapikia ya mtungi. Inaniuma, basi, kuona jiko zima likitupwa, au vipuri vitatu vikibadilishwa kwa mkupuo, kwa sababu ya hitilafu ambayo moto wenyewe ulikwisha kuieleza. Ninachowaomba leo ni kwamba fundi auangalie moto kwanza, ndipo ashike bisibisi.

Gesi hutoka kwa kasi kwenye nozeli, yaani kile kitundu chembamba kilicho chini ya kichomeo, na kasi hiyo huvuta hewa kupitia uwazi ulio kwenye shingo, yaani bomba fupi linalopeleka gesi kwenye kichwa cha kichomeo. Viwili hivyo huchanganyika humo na kutokea kwenye matundu ya juu, ambako huwaka na kuchukua hewa nyingine ya pembeni. Ujazo mmoja wa methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi ya bomba, huhitaji takriban ujazo tisa na nusu wa hewa ili uungue wote, ilhali propani huhitaji kama 24 na butani kama 31, na hizi mbili ndizo zilizomo katika mitungi yetu. Ukizishika tarakimu hizo utaelewa kwa nini hitilafu nyingi za moto huwa ama ni za hewa ama ni za kiasi cha gesi.

Swali la kwanza la kujiuliza ni kama tatizo liko kwenye plate moja au kwenye zote. Moto ukiwa hafifu kwenye plate zote, usifungue kichomeo chochote, kwa kuwa kasoro iko kwenye kitu ambacho plate zote zinashirikiana, yaani mtungi unaoelekea kwisha, regulata iliyochoka (kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza shinikizo la gesi), mpira uliokunjwa nyuma ya kabati, au koki ya ukutani isiyofunguliwa yote. Ukiwa hafifu kwenye plate moja tu, hapo achana na mtungi na regulata, uende kwenye plate hiyo. Nimeona regulata nzima zikitupwa kwa sababu swali hili halikuulizwa.

Sasa tuje kwenye rangi, na hapa nitakaa kidogo. Moto mzuri ni wa bluu, umetulia, na una koni ndogo iliyo wazi juu ya kila tundu. Moto wa njano wenye ncha ndefu na laini, unaoacha masizi chini ya sufuria, umekosa hewa. Tazama uwazi wa shingo: mara nyingi utakuta vumbi lililoshikana na mafuta, au utando wa buibui, hasa katika jiko lililokaa stoo muda mrefu. Tazama pia matundu ya juu, kwa maana tui la nazi likifurika na kukaukia pale huyaziba kabisa, na maji ya ming'oko yanayochemka kwa muda mrefu hufanya vivyo hivyo. Osha kichwa cha kichomeo kwa maji ya moto na sabuni, kikaushe hadi ndani ya shingo, kisha ukirudishe kikae sawasawa mahali pake. Msilichukulie jambo hili kwa wepesi, kwani moto uliokosa hewa unaweza kutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huua katika chumba kilichofungwa.

Hata hivyo, sisi tunaoishi karibu na bahari tuna jambo letu la kulijua. Moto wa bluu unaorusha cheche za rangi ya machungwa, zikija na kupotea, si lazima uwe umekosa hewa. Chumvi ina sodiamu, na sodiamu ikipata joto la moto hutoa rangi hiyo. Upepo wa kusi unaoingia dirishani, au maji ya chumvi yaliyomwagika kwenye kichomeo, vinatosha kuileta. Kipimo ni sufuria: kama chini yake hapana masizi na koni za bluu zimesimama imara, basi safisha tu na usirekebishe hewa yoyote.

Moto ukinyanyuka na kuachana na matundu huku ukivuma, hewa imezidi au shinikizo la gesi liko juu mno. Ukizama ndani na kuwakia kwenye nozeli kwa mlio kama wa filimbi, hasa unapoupunguza, zima mara moja, usubiri shingo ipoe, kisha uangalie kama kichwa kimekaa upande, kimeliwa na kutu, au nozeli imeziba kiasi.

Kuhusu nozeli iliyoziba, nawasihi mafundi vijana wasiichokoe kwa sindano wala kwa waya wa chuma. Kitundu cha milimita 0.70 kikipanuka hadi 0.80, eneo lake huongezeka kwa karibu theluthi moja, na gesi inayopita huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Jiko litaonekana limepona kwa sababu moto umekuwa mkubwa, kumbe mwenye nyumba ameanza kulipia gesi isiyoungua vizuri. Ifungue, iloweke, uipulize kwa hewa; ikishindikana, nunua nyingine yenye namba ile ile iliyochongwa ubavuni.

Nozeli hiyo hiyo ndiyo chanzo cha malalamiko ya nyumba zinazohama kutoka mtungi kwenda bomba. Ujazo sawa wa gesi ya bomba una nishati isiyofika nusu ya ile ya propani, kwa hiyo jiko la mtungi likiunganishwa kwenye bomba bila kubadilishwa nozeli hutoa moto mdogo, na watu husema gesi ya bomba haina nguvu. Si kweli, kitundu ndicho chembamba. Kinyume chake ni hatari zaidi: jiko la bomba likiwekwa kwenye mtungi hutoa moto mrefu wa njano na masizi tele.

Katika majiko yenye oveni kuna lalamiko jingine, la moto unaowaka vizuri ukiwa umebonyeza kitufe na kuzimika ukikiachia. Kinachohusika ni themokapo, kijiti cha chuma ambacho kikipashwa moto huzalisha umeme mdogo sana, kama milivolti 20 hadi 30, unaoishikilia valvu, yaani kizibo cha kupitisha gesi, ibaki wazi. Futa ncha yake, hakikisha inaguswa na moto, kaza nati yake kwa mkono na uongeze kidogo tu kwa spana. Hayo yakishindikana ndipo ununue mpya. Katika nchi za baridi kama Uingereza, ambako nyumba hupashwa joto kwa mtambo wa gesi unaochemsha maji na kuyazungusha vyumbani, mitambo mingi ya sasa ina kijiti kinachopitisha umeme ndani ya moto wenyewe, na kikishika uchafu mtambo hujizima ijapokuwa moto ulikuwa safi. Fundi wa huko naye huanza kwa kusafisha.

Baada ya kazi yoyote, paka povu la sabuni kwenye kila maungio na utazame kama linatoa mapovu. Kamwe usitumie kiberiti. Ukisikia harufu ya gesi, funga koki, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi yoyote ya umeme. Kumbuka kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, ilhali ya bomba ni nyepesi na hupanda darini, kwa hiyo tundu la hewa lililo juu peke yake halimsaidii mwenye mtungi.

Kusafisha kichwa, kunyoosha mpira na kupima kwa sabuni ni kazi ya mwenye nyumba. Nozeli, themokapo na valvu ni za fundi aliyefunzwa. Bomba na mita hadi kwenye koki ya kuingilia ndani ni vya msambazaji, na hata fundi hodari havigusi.