Kuzipa Picha Majina na Kuzipunguza Ukubwa kwa PowerToys

Karibu, mtazamaji. Katika video hii tutachukua folda ya picha za harusi kama zilivyotoka kwenye kamera, zikiwa na majina ya aina ya IMG_4512 yasiyomwambia mtu chochote, kisha tutazipa majina yanayoeleweka na kuzipunguza ukubwa ili mteja azipokee kwenye simu bila kumaliza bando lake. Kazi yote tutaifanya ndani ya File Explorer, yaani dirisha lile lile unalolitumia kila siku kufungulia mafaili, kwa msaada wa programu ya nyongeza iitwayo PowerToys.

PowerToys hutolewa bure na Microsoft wenyewe. Jina hilo lilianza enzi za Windows 95, likafufuliwa mwaka 2019 kwa programu mpya ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Ninataja asili yake kwa makusudi, kwa kuwa baadhi ya programu za bure za kupunguza picha huingia kwenye kompyuta pamoja na matangazo na vikorokoro ambavyo hukuviomba, na kuviondoa huwa kazi kubwa kuliko ile uliyoikusudia.

Ili kuisakinisha, hakikisha kompyuta yako ina Windows 11, au Windows 10 toleo namba 2004 (namba ya toleo, si mwaka) na kuendelea. Fungua Microsoft Store, tafuta PowerToys, thibitisha kwamba mtoaji ni Microsoft, kisha uisakinishe. Ikifunguka utakuta orodha ndefu ya zana. Washa PowerRename ya kubadilisha majina, Image Resizer ya kupunguza ukubwa, na File Locksmith ya kuonyesha programu iliyoshikilia faili; nyingine unaweza kuzizima. Vitufe vyake nitavitaja kwa Kiingereza, kama vinavyosomeka kwenye skrini.

Kabla ya kugusa chochote, nakili picha zote kutoka kwenye memori kadi hadi kwenye folda mpya, na hiyo kadi usiifute mpaka kazi iishe.

Sasa tuanze na majina. Chagua picha zote kwa kubonyeza Ctrl na A, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague PowerRename. Ikiwa unatumia Windows 11 na huioni, bofya “Show more options”. Kwenye kisanduku cha “Search for” andika IMG_, na kwenye “Replace with” andika, kwa mfano, Harusi-Bagamoyo-. Pale penye “Apply to” chagua “Filename only”, ili herufi za mwisho zinazoitambulisha faili kuwa ni JPG zisiguswe. Tazama orodha iliyo kando: jina la zamani na jina jipya vinaonekana sambamba, na hakuna kilichobadilika bado. Ninaipenda sana sehemu hii, kwa sababu kosa la herufi moja utaliona kabla halijasambaa kwenye picha mia nne. Ukiridhika, bofya “Apply”. Ukigundua baadaye kwamba umekosea, rudi kwenye folda papo hapo na ubonyeze Ctrl na Z, nayo majina ya awali yatarejea.

Utaona kwamba sikufuta namba za kamera. Mteja akikuambia kwamba anataka picha ya 4512 ichapishwe kwa ukubwa wa ukutani, namba hiyo ndiyo itakayokupeleka moja kwa moja kwenye picha yako ya asili. Kuna pia uwezekano wa kuingiza tarehe kwa kuandika $YYYY-$MM-$DD, lakini uwe mwangalifu: kwa kawaida PowerRename husoma tarehe ya kuundwa kwa faili, na faili iliyonakiliwa kutoka kwenye kadi huhesabiwa kuwa imeundwa siku ya kunakiliwa. Harusi ya Jumamosi inaweza kusomeka kuwa ilifungwa Jumanne.

Hatua inayofuata ni ukubwa. Chagua tena picha zote, bofya kitufe cha kulia, kisha ufungue Image Resizer. Chaguo la “Large” lina pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, 1920 kwa 1080, nalo linatosha kabisa kwa kutazama kwenye simu na kompyuta. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 itashuka hadi 1620 kwa 1080, kwa maana programu huibana picha nzima ndani ya vipimo hivyo bila kuikata wala kuivuta. Kwa picha zilizosimama, weka tiki kwenye “Ignore the orientation of pictures”. Usipofanya hivyo, bibi harusi aliyepigwa amesimama atatoka na pikseli 720 tu kwa upana, ilhali angestahili 1080. Chaguo la “Resize the original pictures” liache bila tiki, kwani likiwashwa nakala ndogo zitafuta zile kubwa. Ikiwa picha zilipigwa kwa simu, weka tiki pia kwenye chaguo la kuondoa metadata, yaani taarifa zilizofichwa ndani ya faili la picha, ili mahali zilipopigwa pasisafiri pamoja nazo.

Nakala mpya huwekwa kwenye folda hiyo hiyo, jambo linaloleta mchanganyiko. Dawa yake iko kwenye mipangilio ya Image Resizer: kwenye muundo wa jina la faili andika %2\%1, na kila nakala itaingia kwenye folda ndogo yenye jina la ukubwa wake. Fanya hivi kabla ya kubofya “Resize”.

PowerToys hairekebishi mwanga wala rangi. Kwa kukata kingo na kung’arisha picha chache, programu iitwayo IrfanView ni nyepesi na inafaa, ila ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara pekee. Mwenye studio anapaswa kulipia leseni.

Ikitokea folda inakataa kufutwa kwa madai kwamba inatumiwa na programu nyingine, ibofye kwa kitufe cha kulia na uchague File Locksmith, nayo itakuonyesha programu iliyoishikilia. Hifadhi kwanza kazi iliyo wazi kwenye programu hiyo, ndipo ubofye “End task”.