Kipindi cha 61: Nani Alileta Tairi?

SALMA: Haya, tumerudi. Mkisikia kitu kinalia nyuma msishtuke, ni luku ya Musa. Zimebaki uniti mbili na hataki kununua.

MUSA: Sijasema sitaki. Mtandao umegoma tangu asubuhi. Nimezima hadi friji kwa ajili ya kipindi, wifi yako kanuna, samaki wake wanayeyuka huko jikoni.

SALMA: Pole zake. Wasikilizaji, leo tuliwaahidi sababu tano zinazomfanya binadamu amuue mwenzake, na kama ukatili umewahi kumaliza tatizo lolote. Nimeziandika zote kwenye daftari.

MUSA: Lile la mwanao.

SALMA: Lile lile, lenye tebo za kuzidisha nyuma. Lakini naomba nianze na Jumanne, kwa sababu tangu Jumanne sijakaa sawa. Saa moja na nusu asubuhi niko kwa mama ntilie, kona ya fundi pancha, Mbagala. Chapati mbili, maharage, chai ya rangi. Nasikia "mwizi!" Dada mmoja alikuwa anagombania daladala, kachomolewa simu. Kijana hakufika mbali, bodaboda wakampiga mtama. Yakaanza makofi, yakaja mateke. Halafu akatokea baba wa makamo, shati limenyooshwa, begi la kompyuta mgongoni, mtu anakwenda kazini kabisa. Akaokota nusu tofali, akampiga nalo, akaangalia saa, akapanda gari.

MUSA: Akaangalia saa?

SALMA: Asichelewe. Na haikupita muda, sijui dakika tano, tairi hilo hapo. Shingoni kwa kijana.

MUSA: La gari gani?

SALMA: Musa!

MUSA: Nauliza kwa nia njema. Mwaka jana nilipata pancha kona hiyo hiyo, mvua inanyesha, mnakumbuka nilivyowasimulia. Nimezunguka saa nzima kutafuta tairi, nalipa hela yangu, sijapata. Sasa mwizi akikamatwa tairi linatoka wapi? Linakuja lenyewe?

SALMA: Hilo ndilo lililoninyima usingizi, na wewe unalifanya utani. Kila ukisikia habari hizi, tairi lipo. Hakuna anayesimulia lilivyofika. Magazeti yanaandika "wananchi wenye hasira kali," basi, yamemaliza. Hasira kali inajua kubeba tairi?

MUSA: Tena hasira kali ni ya wananchi tu. Hujawahi kusoma "diwani mwenye hasira kali."

SALMA: Diwani "amesikitishwa."

MUSA: [anacheka] Haya, likatoka wapi?

SALMA: Kwa fundi pancha. Si ana yale matairi mabovu ameyasimamisha barabarani kama kibao chake? Kijana mmoja akalichukua la pembeni, akalibingirisha, watu wakampisha njia. Wakampisha, Musa. Kama mtu anayepita na keki ukumbini.

MUSA: Na fundi?

SALMA: Alikuwa anaziba tyubu. Hakuinua kichwa.

MUSA: Kwa hiyo tairi liliibwa.

SALMA: Ndiyo maana yake.

MUSA: Ngoja, nielewe vizuri. Watu wameiba tairi ili wamchome mwizi.

SALMA: Na mwenye tairi hakupiga kelele ya mwizi.

MUSA: Angepiga wangehitaji tairi la pili.

SALMA: [kimya kidogo] Nacheka na sitaki kucheka.

MUSA: Amekufa?

SALMA: Hajafa. Na sikiliza kilichomwokoa. Petroli. Wakaanza kuulizana: nani ana mafuta? Bodaboda wako kama kumi pale, pikipiki zao hizo hapo, kila mmoja "mimi yangu ya kubahatisha," "mimi nimeweka ya elfu mbili tu asubuhi," "chukua kwa fulani." Walikuwa tayari kumuua mtu, ila si kwa mafuta yao. Wanabishana hivyo, difenda la polisi likaingia.

MUSA: Mwalimu Nyerere alisemaje siku ile ya kutangaza vita na Idi Amin? Uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Hapo kwenu Mbagala sababu ilikuwepo, nia ilikuwepo, uwezo ukakwama kwenye bei ya mafuta.

SALMA: Hapo umenikumbusha michango. Nimekaa nikafikiri, nikaona hii kitu inaendeshwa kama harusi. Mmoja katoa mtama, mmoja tofali, mmoja tairi, mwingine katoa kelele tu. Kila mtu mchango mdogo wa kadi ya singo. Ukimuuliza mmoja mmoja, "wewe umeua?" atakuambia, "mimi nilimzaba kofi moja tu." Na hasemi uongo! Ni kamati isiyo na mwenyekiti wala mweka hazina. Mtu anakufa na hakuna aliyemuua. Sababu ya kwanza kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika "hasira." Nimeifuta. Yule baba wa tofali hakuwa na hasira yoyote. Alikuwa na nafasi.

MUSA: Sheria haikubaliani na wewe.

SALMA: Najua, nimeisoma. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 22: anayesaidia kosa litendeke anahesabika mtendaji. Cha 23, watu wakiungana kwa nia moja, kosa ni la wote. Kijana angekufa, wa tairi angekuwa muuaji. Lakini mahakamani unampeleka nani? Hadi difenda linasimama, pale barabarani tumebaki fundi, mama ntilie na mimi na chapati yangu.

MUSA: Ulikuwa bado unakula?

SALMA: ...Niliimaliza, Musa. Ndicho ninachokuambia. Mtu yuko chini, damu inamtoka sikioni, mimi nachovya chapati kwenye maharage. Sijui mkono ulikuwa wa nani.

MUSA: Usijilaumu, dada yangu. Alikuwa ameiba au hakuiba?

SALMA: Aliiba. Nisiwadanganye wasikilizaji. Simu ilikutwa kwake.

MUSA: Basi mimi sitajifanya mtakatifu. Mnajua habari za mjomba wangu, Tandika. Walimwingilia dukani na mapanga, kiganja chake cha kushoto kina vidole vitatu mpaka leo. Kituoni, sitakitaja ni kipi, akaambiwa gari halina mafuta, achangie. Achangie! Hapo na wewe weka kwenye kamati yako. Wale vijana walikamatwa Ijumaa, Jumatatu mmoja wao kamsalimia sokoni, "shikamoo mzee." Siku wananchi walipompata mwenzao, mtaa ule ulilala milango wazi miezi minne. Miezi minne! Utaniambia haikutatua kitu?

SALMA: Na mwezi wa tano?

MUSA: Mwezi wa tano wamekuja wengine.

SALMA: Kwa hiyo haikutatua.

MUSA: Ilitatua kwa miezi minne. Wewe dawa ya malaria unakunywa usiugue tena milele?

SALMA: Dawa ya malaria haihitaji tairi.

MUSA: Nakupa mfano mkubwa, uache utani. Amin. Kaingia Kagera mwaka 1978, kachoma, kaua watu, kakimbiza ng'ombe. Tungemwandikia barua? Tumepigana, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala imeanguka. Tatizo limekwisha. Ukatili umetatua.

SALMA: Limekwisha kwa nani? Waulize Waganda vita vilivyofuata baada ya hapo. Halafu turudi huku kwetu. Baada ya vita silaha zilitapakaa, ujambazi ukapanda, wizi wa ng'ombe ukawachosha watu wa Shinyanga na Tabora. Si ndiyo wakaja Sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, mwanzoni mwa miaka ya 1980?

MUSA: Asante kwa kunisaidia! Sungusungu waliutuliza wizi wa ng'ombe. Pinde na mishale. Serikali yenyewe ikawakumbatia.

SALMA: Waliutuliza, nakubali. Walipoutuliza wakageukia nini? Vikongwe. Bibi kizee anapikia kuni na samadi ya ng'ombe miaka hamsini, macho yamekuwa mekundu kwa moshi, ndiyo ushahidi: mchawi huyo. Bibi zetu wamekatwa mapanga Usukumani kwa ajili ya moshi wa jikoni. Ukishawazoesha watu kwamba kijiji kinaweza kuamua nani afe, hutawachagulia wa kumuua.

MUSA: Sungusungu wale wale waliozuia wizi wa ng'ombe ndio walioua vikongwe? Una hakika au unaunganisha tu?

SALMA: Sisemi kila bibi aliuawa nao, wengi waliuawa na watu wa kukodiwa, wengine na ndugu zao wenyewe wanaotaka shamba. Nasema walishiriki kuwasaka wachawi, na wengine waliteswa mikononi mwao. Hilo linajulikana.

MUSA: Haya. Hata hivyo umeona? Umeruka kutoka mwizi wa simu hadi bibi wa watu. Bibi hana kosa. Mwizi ana kosa. Hivyo ni vitu viwili.

SALMA: Kwa aliyebeba tairi ni kitu kimoja! Yeye hakuuliza. Simu ilipatikana tairi likiwa tayari shingoni. Wangelikuta mfuko mtupu wangelivua?

MUSA: ...Pengine.

SALMA: Musa.

MUSA: Pengine wasingelivua. Lakini sikubali kwamba hakuna mwenye kosa ila hiyo kamati yako. Wewe unasema harusi haina mwenyewe. Mimi nasema watu wanachangia harusi kwa sababu wanaitaka. Hakuna anayechangia harusi kwa bahati mbaya. Wananchi wanataka yule kijana afe, kwa sababu wamechoka, na mpaka mjomba wangu apewe haki bila kuombwa mafuta ya gari wataendelea kutaka. Usiniambie ni mkono usio na mtu. Mkono una mtu, na ana sababu.

SALMA: Yule wa tofali hajaibiwa chochote. Hata dada mwenye simu hakugusa. Alisimama pembeni analia, anasema "jamani inatosha, nipeni simu yangu."

MUSA: Leo hajaibiwa. Unajua kaibiwa mara ngapi?

SALMA: Sijui. Na wewe hujui mimi nimeibiwa mara ngapi, na sikutupa tofali.

MUSA: Ulikuwa na chapati mkononi.

SALMA: Hilo halichekeshi.

MUSA: Sikulisema lichekeshe.

[Kimya. Luku inalia.]

SALMA: Tuendelee. Sababu ya pili.

MUSA: Hatujamaliza ya kwanza, umeifuta. Na mimi sijabadili msimamo, niandike hivyo hivyo. Yakimkuta mjomba tena, sitakuwa mtu wa kuinua mikono na kusema inatosha.

SALMA: Utabeba tairi?

MUSA: ...

SALMA: Nauliza, kaka. Maana pale kwako uani nimeyaona matairi mawili. Wasikilizaji, Musa ana matairi mawili uani.

MUSA: Ah, yale nimepanda mnanaa!

SALMA: Yote mawili?

MUSA: Moja mnanaa, moja mchaichai. Mwulize wifi yako. Tena chai uliyokunywa hapa ukasema "mh, Musa, mchaichai wako una harufu," unatoka mle.

SALMA: Watu watatoka na mchaichai wako shingoni.

MUSA: Lina udongo, halinyanyuki. Nakwambia kwa faida ya wasikilizaji wa mtaa huu: halinyanyuki, msisumbuke. Kuna mengine kwenye paa la jirani yanazuia bati.

SALMA: Unamchongea jirani!

MUSA: Hapana, namaanisha matairi yako kila mahali. Bembea ya watoto tairi. Katambuga za babu yangu zilikuwa tairi. Mimi mwenyewe nimekua nasukuma ringi. Sasa hivi nikiliona limesimama, kwa ajili yako, nitawaza mengine. Umeniharibia.

SALMA: Nafurahi.

MUSA: Fundi pancha amesemaje?

SALMA: Huyo sasa. Jumatano napita, ananiita. "Dada, uliliona tairi langu?" Nikamwambia polisi wameondoka nalo kwenye difenda, kielelezo. Anasema lilikuwa na kashata nzuri bado, angeliuza elfu arobaini. Nikamwambia akalidai kituoni. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Akienda ataulizwa tairi lako lilifikaje shingoni kwa mtu?

MUSA: [anacheka] Masikini. Ndiye mtu pekee aliyeibiwa ambaye hawezi kuripoti.

SALMA: Sasa anazunguka pale kona anawachangisha. Mama ntilie kampa elfu moja. Bodaboda wamempa mia tano tano.

MUSA: Hao waliokosa petroli?

SALMA: Hao hao.

MUSA: Na wewe?

SALMA: Tuna dakika ngapi?

MUSA: Luku inasoma nukta tatu. Salma, ulimpa?

SALMA: Sababu zilizobaki tutazisoma wiki ijayo, wasikilizaji, zipo nne, ziko kwenye daftari...

MUSA: Ulimpa shilingi ngapi?

SALMA: Elfu tano. Nilimwonea huruma, ana watoto.

MUSA: Umechangia tairi.

SALMA: Nimemchangia fundi.

MUSA: Elfu tano. Hiyo ni kadi ya dabo, dada.

SALMA: Kanunue umeme, Musa. Samaki wa watu wanaoza.