Karata za Kubakiza na za Kutupa katika Poka ya Karata Tano

Shikamooni wazee, na karibuni watazamaji wote. Ninarekodi hapa Moshi, barazani kwetu, na mezani mnaona pakiti moja ya karata 52, jokeri zikiwa zimeondolewa, pamoja na bakuli la buni kavu, kwa kuwa punje za kahawa ndizo tutakazowekeana dau leo na hakuna shilingi itakayotoka mfukoni. Swali letu ni moja: ukishagawiwa karata tano, ubakize zipi na utupe zipi?

Aliyekulia kwenye albastini aweke akilini kwamba huku hakuna turufu. Kila mchezaji hupokea karata tano, dau la kwanza huzunguka, kila mmoja hubadilisha mara moja tu zile asizozitaka, dau la pili huzunguka, kisha mikono hufunuliwa. Mikono, yaani karata tano alizoshika kila mmoja, hupanda hivi: karata moja kubwa, jozi (karata mbili za namba moja), jozi mbili, utatu (karata tatu za namba moja), mfuatano (namba tano zinazofuatana), karata tano za aina moja (mfano zote shupaza au zote kopa), utatu pamoja na jozi, karata nne za namba moja, na juu kabisa mfuatano wa aina moja.

Hatua ya kwanza ni kuzipanga karata mkononi na kuzisoma mara mbili, kwanza kwa namba, kisha kwa aina, kwa sababu jicho lililokwisha kuiona jozi husahau kwamba nne kati ya karata hizo ni za shupaza. Hatua ya pili ni kukumbuka namba 47. Hizo ndizo karata usizoziona, ziwe zimebaki kwenye pakiti au ziko mikononi mwa wenzako, na hesabu zote zinazofuata zinaanzia hapo.

Sasa tazameni mkono huu: nane mbili, ree (karata kubwa kuliko zote), sita na tatu. Hapa ndipo wachezaji wengi wanapokosea, nami nilikosea hivyo kwa muda mrefu. Ree inavutia, kwa hiyo mtu hubakiza nane zote mbili pamoja na ree, akabadilisha karata mbili. Ukifanya hivyo, uwezekano wa mkono wako kuboreka ni takriban asilimia 25.9. Ukiitupa ree na kuchukua karata tatu mpya, uwezekano unapanda hadi asilimia 28.7. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini angalieni inakotoka. Kwa kubakiza ree utapata jozi mbili mara nyingi zaidi kidogo, asilimia 17.2 badala ya 16. Bali nafasi ya kupata utatu au mkono mkubwa kuliko huo inashuka kutoka asilimia 12.7 hadi 8.7. Utatu ndio unaoshinda meza, na ree uliyoing'ang'ania imekunyima karata moja ya kuutafutia. Nina sababu moja tu ya kuibakiza ree: pale ninapoamini kwamba mpinzani ana jozi mbili, ili jozi yangu ya pili, ikija, iwe ya ree na impite. Pasipo dalili hiyo, itupeni.

Ukiwa na jozi mbili, bakiza karata nne na ubadilishe moja. Kati ya karata 47, nne tu ndizo zitakazokupa utatu pamoja na jozi, yaani asilimia 8.5, hivyo uhesabu kwamba utabaki ulivyo na uweke dau lako mapema, kabla wenzako hawajabadilisha karata zao.

Ukiwa na utatu, tupa mbili. Nafasi ya kuboreka ni asilimia 10.4, na ukibakiza karata ya pembeni inakuwa 8.5. Wako wanaobakiza hiyo ya nne kwa makusudi, ili mpinzani adhani wana jozi mbili. Hilo nalikubali mara moja moja, kwa kuwa gharama yake ni ndogo.

Sasa mkono mgumu: tisa, saba, nne na mbili za shupaza, pamoja na tisa ya kopa. Ubakize jozi, au uvunje jozi utafute shupaza ya tano? Shupaza zilizobaki ni tisa kati ya 47, yaani asilimia 19.1, ilhali jozi huboreka kwa asilimia 28.7, lakini mara nyingi huishia kwenye jozi mbili tu. Mimi hutazama bakuli la dau, yaani punje zilizokwisha kuwekwa na wachezaji wote. Nafasi za kukosa ni 38 dhidi ya tisa za kupata, kwa hiyo kila punje ninayotakiwa kuongeza lazima ikute zaidi ya punje nne zilizokwisha kuwekwa. Wachezaji wakiwa wengi na bakuli limejaa, nitaivunja jozi. Tukiwa wawili, nitabaki nayo.

Mfuatano ulio wazi pande zote mbili, mfano tano, sita, saba na nane, una karata nane za kuukamilisha, sawa na asilimia 17. Wenye pengo katikati, mfano tano, sita, nane na tisa, una nne tu. Huo wa pili uacheni, isipokuwa bakuli lina karibu punje kumi na moja kwa kila moja mnayoongeza.

Msipokuwa na lolote kati ya haya, wekeni karata chini kabla ya kubadilisha. Kuchukua karata nne mpya kwa ajili ya ree moja ni kutupa buni, na meza nyingi huruhusu tatu tu, hivyo mkubaliane kanuni hiyo kabla ya kugawa.

Hatua ya mwisho ni kuhesabu karata wanazobadilisha wenzako. Aliyechukua tatu huwa ameshika jozi. Aliyechukua moja ana jozi mbili, au anatafuta mfuatano au aina moja. Chukueni pakiti, mjigawie mikono kumi, na kwa kila mkono mtamke karata mnazozitupa na sababu yake, ndipo mfunue zinazofuata.